Kiti cha Mama Fébronie

Wenzangu wa karakana, sherehe ya kuniaga mliyonifanyia ilikuwa nzuri. Mliimba, mkanivisha kitenge kipya, mkanirudisha nyumbani Ngagara kwa gari, maua yamejaa magotini kama bibi harusi aliyechelewa. Nashukuru. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza mikono yangu itafanya nini kesho yake asubuhi. Nilianza kwa kukaza vifungo vya mashati yote ya mume wangu, hata visivyolegea. Vilipokwisha, nikachomoa manyoya ya fagio la vumbi, nikayapanga mezani kwa urefu. Mzee Tharcisse, mume wangu, mwalimu aliyestaafu bila kelele na ambaye tangu siku hiyo analala mchana bila aibu, aliitazama ile meza akauliza, "Goreth, fagio limekukosea nini?" Ndiyo maana naandika. Afadhali niisumbue karatasi kuliko nyumba nzima.

Mambo ya vyeo nayaacha, hayana utamu kwa msomaji wala kwa mwenye navyo. Nataka kusema habari za mwanzo wangu, za kosa letu moja la kijinga, na za mwanamke aliyenifundisha. Wengi wenu mmekuta kile kiti cha dirishani kimeshakuwa kiti cha heshima. Hamjui kilikuwa kiti cha hofu.

Niliingia kazini nikiwa msichana mwenye haraka. Fundi cherehani mmoja wa Buyenzi, hapa Bujumbura, alikuwa amenifukuza kwa sababu nilikuwa nakata kitambaa kabla hajamaliza kupima. Jirani akaniambia kuna Mzungu mtaa wa Mutanga Nord anatafuta wasichana wenye vidole vyepesi, kazi yenyewe ni kufunga nzi. Nilidhani ananitania. Mama yangu alidhani ni uchawi, akanitilia rozari mfukoni na kunikataza kula chochote huko.

Karakana ilikuwa gereji ya nyumba ya kawaida. Gari lilikuwa limetolewa, meza ndefu ikaingia, na wanawake walikuwa wameinama pande zote mbili. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na eto, kile kichuma cha kubana ndoano. Monsieur Lucien, mwenye karakana, alikuwa Mzungu mrefu aliyekuja nchini kwa kazi ya majani chai akasahau kurudi kwao. Alikaa Kiriri, mtaa wa mlimani, na alishuka kila asubuhi na gari lililolia kuliko watoto wake. Alinieleza kwa upole. Kwao, kufunga nzi ulikuwa mchezo wake wa jioni: unachukua ndoano ndogo kama punje ya mchele, unaizungushia uzi, manyoya ya shingo ya jogoo na vipande vya bawa la bata, mpaka ifanane na mdudu wa mtoni. Halafu unamtupia samaki anayeitwa truite, samaki wa mito ya baridi. Akidanganyika, umempata. Rafiki zake wa Ulaya walikuwa wameanza kumwagizia nzi hizo, nyingi kuliko alizoweza kufunga mwenyewe. Kwa hiyo kwetu ikawa kazi, na kwao ikabaki mchezo.

"Na mvuvi akishamkamata?" niliuliza.

"Anamurudisha mu maji," akajibu mwanamke aliyekaa dirishani, bila kugeuka.

"Anamrudisha?"

"Anamupiga picha kwanza."

Meza nzima ilicheka, na Monsieur naye akacheka, ingawa masikio yalimwiva. Miaka yote niliyofanya kazi ile sikuwahi kumwona samaki huyo, hata mkia. Nilizoea. Kuna watu wanashona mavazi ya maaskofu na hawajawahi kualikwa chakula.

Mwanamke wa dirishani ndiye Mama Fébronie. Alizaliwa Bukavu, akaishi Uvira, vita ikamvusha mpaka wa Kongo yeye na watoto wake, akaja Bujumbura. Alikuwa mnene, mtaratibu, mwenye sauti ya chini ambayo ilifika mpaka mwisho wa meza. Alifunga nzi ya aina moja tu, ile ya kijivu yenye mabawa mawili yaliyosimama wima, tuliyoiita "ya mabawa". Na kila alipofika kwenye mabawa alijifunika mikono kwa kipande cha kitenge, akafanya anachofanya, akafunua, na mabawa yalikuwa yamesimama. Hakuna aliyeuliza. Ilikuwa desturi yake, kama vile wengine wanavyopiga ishara ya msalaba kabla ya kula.

Mengine yote alinifundisha wazi. Alinifundisha kuacha nafasi nyuma ya jicho la ndoano, kwa sababu kila mwanafunzi hujaza mwili hadi mbele, kisha anakosa mahali pa kufungia kichwa. "Kichwa kinaomba nafasi yake," alikuwa akisema. "Ukikinyima, kazi yote inafunguka mbele ya samaki." Alinifundisha kupaka uzi nta, kuchagua shingo ya jogoo mzee wa milimani badala ya kuku laini wa mjini, na kutumia mkasi kwa ncha tu. Jambo moja lilimshinda: mguu wangu. Nikikaa, mguu wangu wa kulia hutikisika, hata sasa ninapoandika unatikisika.

"We mutoto, mguu yako inachezesha meza yote. Ndoano yangu inapiga dansi."

"Samahani, Mama."

Alinisamehe mara kadhaa. Baadaye akachukua utepe, akaufunga mguu wangu kwenye mguu wa meza, akarudi kukaa. Niliuvumilia utepe huo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Sasa lile kosa. Wateja waliandika kwamba manyoya yetu yananuka banda la kuku. Sisi wanawake wa Bujumbura, kuambiwa tunanuka! Tulikasirika kama tumetukanwa mbele ya wakwe. Tukatoa mabeseni nje, tukamimina sabuni ya unga bila huruma, tukafua kila nyoya. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika mtaa mzima, kwa hiyo tulisuuza kwa maji ya ndoo, tena kwa uchoyo. Manyoya yalikauka juani yakang'aa, karakana ikanukia kama Jumamosi ya kufua. Tulifunga nzi kwa majivuno, tukapeleka.

Maboksi yalirudi. Nzi zile zinapaswa kuelea juu ya maji, zetu zilizama. Monsieur Lucien alijaza bilauri maji, akatia moja mbele yetu. Ikashuka moja kwa moja hadi chini, ikalala. Akatia nyingine, vivyo hivyo. Sabuni iliyobaki ndani ya manyoya ilikuwa inayavutia maji. Mwishowe akatia nzi ya Mama Fébronie. Ilielea katikati ya bilauri, mabawa juu.

"Wewe hukuosha?" Monsieur alimuuliza.

"Mi nilisugua na unga ya mahindi, nikakung'uta. Bata haoshwe na sabuni, Monsieur. Uliona wapi bata analowa?"

Tungecheka kama tungekuwa na moyo wa kucheka. Wateja walifuta aina zote, wakabakiza ile ya mabawa tu. Meza nzima, watoto wetu, kodi za nyumba, vyote vikawa vinaning'inia kwenye vidole viwili vya mwanamke mmoja.

Monsieur alimwomba awafundishe wengine. Alikataa. Alimwomba tena mbele yetu, kwa Kiswahili chake kilichovunjika, akakataa tena: "Apana, Monsieur. Mi nitafunga mingi zaidi. Kufundisha, apana." Yule mzee hakujua kufoka, lakini siku ile alisimama mlangoni akasema neno ambalo lilitugandisha. Karakana ya mtu mmoja si karakana. Kama mvua zitaanza na bado ni Fébronie peke yake anayeweza, atafunga gereji na kurudisha gari lake ndani.

Baada ya hapo hakuna aliyemsalimu Mama Fébronie kwa moyo mweupe. Wengine walisema ana roho mbaya, wengine wakasema ana dawa chini ya kile kitenge. Mimi usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nataka kuijua ile kazi kuliko nilivyotaka kuolewa, na Tharcisse wakati huo alikuwa ameshaleta wazee nyumbani.

Nikaanza kumpeleleza. Niligundua kwamba kitenge chake kinafunika upande wa chumbani tu. Upande wa dirisha huacha wazi ili mwanga uingie. Nje ya dirisha tulikuwa na kamba ya kuanikia manyoya. Basi nikatoka na beseni la manyoya makavu, nikayaanika upya, huku nachungulia.

Niliona yote. Aliweka vipande viwili vya bawa juu ya ndoano, akavibana kwa kidole gumba na cha shahada, akapitisha uzi kati ya vidole ukiwa umelegea, akavuta kwenda chini. Hivyo tu. Nilirudi ndani nimejaa ushindi, nikajaribu kwa siri wakati wa mapumziko. Mabawa yakalala upande. Nikajaribu tena, yakapasuka. Nikajaribu mpaka nikamaliza bata mzima, na kila nzi ilikuwa na mabawa ya mlevi.

Nikatoka tena kuanika. Safari hii nilisogea karibu, nikasimama mbele yake hasa, kioo tu katikati yetu, kwa hasira ya mtu aliyekata tamaa ya kujificha. Alikuwa ameinua uso. Alinitazama machoni. Nilingoja afoke. Hakufoka. Hakushtuka. Vidole vyake viliendelea na kazi, na uso wake ukaendelea kunielekea kama unaoelekea ukuta. Nikainua mkono polepole mbele ya kioo. Hakuna kitu.

Mama Fébronie alikuwa haoni. Si giza kabisa. Baadaye aliniambia aliona mwanga na vivuli, na watu aliwajua kwa sauti na mwendo. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamaliza kazi yake. Kile kitenge tulichodhani kinaficha vidole vyake kilikuwa sasa kinaficha kwamba macho yake hayavioni. Nilisimama pale na beseni langu, nikaona aibu, nikaogopa kwa niaba yake. Monsieur akijua, kiti kile kitakuwa kitupu jioni hiyo hiyo.

Sikumwambia mtu. Kesho yake nilifika mapema, nikachagua manyoya ya bata, nikayapanga mawili mawili kando ya eto lake: moja la bawa la kushoto, moja la bawa la kulia, rangi moja, urefu mmoja. Kwa sababu ukitumia mawili ya upande mmoja, nzi hujikunja kama mtu mwenye kiuno kibovu, na kwa siku za karibuni nzi zake kadhaa zilikuwa zimejikunja. Alikaa, akayagusa. Mkono ukasimama.

"Nani amepanga hizi?"

"Mimi, Mama."

Akayapapasa tena, moja moja. Wengine walikuwa bado wanaingia na kusalimiana.

"Basi umejua."

"Nimejua."

"Utasema?"

"Hapana."

Wenzetu wakakaa, tukaanza kazi. Jioni alinishika mkono niende naye hadi kituo cha basi, na njiani akanieleza. Bukavu alikuwa anashona nakshi za mavazi ya kwaya, hakuna aliyemfikia. Mwenye duka alimwomba afundishe, akafundisha wasichana watatu kwa moyo wote. "Wa kwanza akaolewa, wa pili akaenda kwao. Wa tatu, mi nilifika asubuhi nikamukuta amekaa mu kiti yangu. Mwenye duka ananiambia, Mama, utupishe. Unasikia? Utupishe! Na miye nilimushika ule mutoto mukono, kidole kwa kidole." Alisimama njiani, watu wakatupita. "Sasa mi siko na macho, niko na kiti tu. Nikifundisha, nitakaa wapi?"

Nikatoa ahadi badala ya jibu, kama kawaida ya mtu mwenye haraka. Nilimwambia: nifundishe, na haki ya Mungu sitafunga nzi hiyo mbele ya mtu mpaka wewe mwenyewe uniambie kaa. Alicheka kidogo. "We? Kukaa na kitu kimya? Mguu yako tu haiwezi." Lakini alikubali.

Alinifundisha nyumbani kwake, Jumapili baada ya misa, na ndipo nilipoelewa kwa nini kupeleleza hakukunisaidia. Kazi yote inafanyika pale vidole vinapokutana, mahali ambapo jicho haliingii hata likiwa zima. Aliweka vidole vyake juu ya vyangu. "Bana. Pitisha uzi. Sasa acha. Acha, nimesema! Uzi ulale kwanza." Mimi nilikuwa navuta kabla uzi haujalala. Kila mara. Alikuwa ananipiga kofi dogo la mkono, mimi naomba msamaha, nakosea tena. "Uko na haraka ya kwenda wapi? Samaki hata hajazaliwa." Mpaka Jumapili moja nilichoka, nikasahau kuharakisha, na nikausikia uzi ukijilaza wenyewe kati ya vidole. Nikavuta chini. Mabawa yakasimama. Mama Fébronie aliyagusisha kwenye mdomo wake wa chini kuyapima, taratibu, akasema, "Njo hivyo."

Kilichofuata ndicho kipindi kigumu kuliko vyote katika kazi yangu. Nilijua, na sikuruhusiwa. Mawingu yalianza kukusanyika juu ya milima, wenzangu walikuwa wanaulizana watafanya kazi gani, mmoja alilia chooni nikamsikia, na mimi nilikaa pale na mikono inayojua, nikipanga manyoya ya bata. Monsieur aliniuliza, "Goreth, uko karibu yake kila siku, hujaona kitu?" Nikajibu, "Bado, Monsieur." Mguu wangu ulitikisika mpaka utepe ukakatika. Kuna siku nilimchukia Mama Fébronie. Nasema kweli. Halafu namwona anapapasa kikombe chake cha chai, chuki inaisha, wasiwasi unabaki.

Mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi. Monsieur aliingia na mwavuli, hakuuweka chini, tukajua amekuja kusema lile neno. Kabla hajafungua mdomo, Mama Fébronie aliinuka. Alishika ukingo wa meza, akaondoka kwenye kiti cha dirishani, akaniita.

"Goreth. Kaa."

Nilikaa. Sikujifunika na kitenge. Nilibana, nikapitisha uzi, nikaungoja, nikavuta. Nzi ilisimama na mabawa yake mbele ya watu wote. Monsieur alianza kutabasamu, lakini Mama Fébronie alikuwa hajamaliza.

"Mi sioni, Monsieur. Ni zamani sioni. Nzi zote zenye watu wako walisifia, mi nilifunga bila macho. Huyu mutoto alijua na hakusema. Sasa ataweza na atafundisha wengine. Lakini useme hapa mbele yao wote: miye nakaa wapi?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Monsieur Lucien alimtazama yeye, akatutazama sisi. Akauweka mwavuli chini, akachukua kigoda chake mwenyewe kilichokuwa mlangoni, akakileta dirishani, akakiweka ubavuni mwa kiti nilichokalia. "Hapa," akasema. Ninamheshimu kwa hilo hadi leo.

Alikaa pale mpaka Mungu alipomwita. Kila nzi ya mabawa ilipita mdomoni mwake kabla ya kufungwa kwenye boksi, na alizokataa hazikusafiri. Wote mliojifunza kwangu mlijifunza kwa mikono yake, hata msiomkuta. Na hakuna tena aliyejifunika kitenge mle ndani.

Bénigne, unayekaa dirishani sasa, wewe nilikufundisha mchana, mbele ya wote, na kiti nilikupa mwenyewe macho yangu yakiwa bado mazima. Mmeniuliza kwa nini nimeondoka mapema, na kwa nini nilikataa kigoda mlichoniwekea ubavuni mwa kiti. Mlidhani ni majivuno. Hapana. Mama Fébronie aliweza kukaa kando ya kiti chake na kumwacha mwingine afanye kazi. Mimi najijua. Ningekunyang'anya ndoano mkononi kabla ya chai ya saa nne.

Juzi nilipita Mutanga Nord. Soko langu liko upande mwingine kabisa, msiniulize. Geti lilikuwa limeegeshwa, na mlango wa karakana wazi. Nilikuona dirishani, umeinama, unabana. Nikaona umepitisha uzi. Nikasema moyoni, acha, acha ulale. Ukaacha. Muda mrefu kuliko ninavyoacha mimi. Ukavuta, ukainua uso, ukaniona.

"Mama Goreth! Ingia basi, unasimama inje kama mugeni? Njoo ukae kidogo."

"Apana, mwanangu," nikakujibu. "Mi napita tu."

Na mkono wangu ulikuwa umeshashika komeo la geti. Nilibandua kidole kimoja kimoja, nikaondoka.